Sweta ya Namba Kumi na Tisa

Kimbo, Ruiru
Jumapili mchana

Kwako Baba,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi kwenye kile kiti chako cha kamba, miguu umeinyoosha, na kwamba lile goti limepunguza ukorofi. Mama ameacha kukohoa? Na yule ng'ombe mwekundu asiyekubali kukamwa na mtu mwingine ila Mama, ameshazaa? Mimi ni mzima wa mwili. Mvua ya huku imenyesha hadi tope la Kimbo likang'oa soli ya kiatu changu kimoja, na nimekuwa nikitembea kama bata wiki nzima. Kwingineko si kubaya sana, ila moyo ndio haukai.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu imetushinda mimi nawe. Mara ya mwisho nilipaza sauti mpaka jirani akaja kuuliza kama nimeibiwa, na wewe ukanijibu kwamba mahindi hayajakauka. Barua nimeiweka ndani ya gambuti la kushoto, yale mabuti ya mpira niliyokununulia kwa ajili ya matope, katika mzigo utakaoletwa na basi. Najua ukishaisoma utatia mkono ndani ya gambuti la kulia. Usisumbuke, Baba. Kifaa cha sikio hakimo.

Nilikuahidi kitafika kabla ya Jumapili ya mavuno, na kwa ahadi hiyo ukawakatalia wazee wa kanisa wasikutafutie mtu wa kushika mnada badala yako. Nimekuangusha, na inaniuma. Nimeianza barua hii mara tatu. Nimefua nguo zilizokuwa safi, nimefagia palipofagiwa, nimetoka hadi barabarani nikarudi bila kununua kitu, na kila simu inapolia nairukia kabla haijalia mara ya pili. Sasa nimeketi, na nitakueleza yote kabla sijapata kisingizio kingine cha kuinuka.

Ile kazi ya ofisi niliyokuambia ilikuwa kweli kazi ya ofisi. Ilikuwa ghorofa ya pili kule Kamakis, juu ya mahali wanapochoma nyama, kwa hivyo kuanzia saa nne asubuhi tulikuwa tunajibu simu huku tukimeza mate. Tulikuwa tunauza majina. Usicheke. Mtu mwenye biashara akitaka watu wamwone kwenye mtandao, sharti awe na jina la tovuti, na jina lenyewe hawi nalo milele. Hulilipia kila mwaka, vile Mama anavyolipia kibanda chake sokoni. Asipolipa husubiriwa kwa muda, kisha jina linatiwa mnadani, na kampuni kama ile yetu ndiyo inayouendesha mnada.

Lakini si mnada unaoujua wewe. Hauna watu. Ni orodha tu kwenye kompyuta. Unaona Namba Saba ameongeza, Namba Kumi na Mbili ameongeza, na kando pana saa inayopungua. Hakuna uso, hakuna sauti, hujui kama Namba Saba ni mtu wa Mombasa au ni mtu aliyekaa kiti cha pili kutoka kwako.

Siku niliyokwenda kuomba kazi, Meneja aliniuliza kama nimewahi kuuza chochote. Nikamwambia sijauza, ila mimi ni binti wa mnadi. Nikamsimulia jinsi unavyomshika jogoo miguu Jumapili ya mavuno, ukamwinua juu ya kichwa, ukauliza kanisa zima kama kweli jogoo kama huyu ni wa bei ya sabuni. Nikamsimulia jinsi baba mdogo Situma anavyokaa benchi la nyuma, kazi yake ikiwa kupandisha bei tu, na watu wakigeuka na kumwona wanamwambia, "Situma, kwani wewe hushibi?" Na jinsi anayemshinda Situma anavyosema kuku arudishwe mezani auzwe tena, mpaka kuku mmoja ananunuliwa mara sita na kanisa linapata mabati. Meneja alicheka hadi akafuta machozi. Ni mtu wa heshima zake, kijana, asiyepandisha sauti, na kila Ijumaa alitununulia nyama.

"Wewe ndiye nilikuwa natafuta," akasema. "Kazi ya huyo ankol wako ndiyo hii. Ni vile tu hapa hakuna kuku."

Nilimwamini, Baba. Wengine wangeshtuka, lakini mimi nilikua nikiona kupandisha bei ni utumishi. Nilipewa namba tatu, kila moja na jina la mtu asiyekuwepo. Mnada ukipoa, naingia naupasha moto. Niliyempenda zaidi alikuwa Namba Kumi na Tisa. Nilimfanya mtu wa pupa, asiyevumilia kupitwa. Kwa kila mnada uliopanda nilipewa kitu kidogo juu ya mshahara, nikakiweka kando, na hicho kidogo ndicho kilichokuwa kinakaribia kuwa sikio lako.

Mteja wa kweli akichoka, na Namba Kumi na Tisa akashinda bila kutaka, hilo pia lilikuwa na dawa. Tuliacha siku mbili tatu zipite, kisha tukamwandikia aliyekuwa wa pili: una bahati, aliyeshinda ameshindwa kulipa, je, bado unalitaka jina kwa bei yako ya mwisho? Wengi walishukuru. Kuna mmoja alituandikia Mungu awazidishie.

Palikuwa pia na daftari la wanaopiga simu. Akipiga mtu aliyekuwa mwenye jina kabla halijaingia mnadani, na ukisikia ana wasiwasi, unamwekea nyota. Maana ya nyota ni kwamba huyu hataacha, mpandishie.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita, siku ya Jumatatu, alipiga mama mmoja wa Thika. Anaitwa Mama Gathoni. Ana mashine nne za kufuma sweta za shule, karibu na Eneo la Viwanda, na shule humwagizia kupitia tovuti aliyofunguliwa na mumewe. Mumewe amefariki. Barua za kukumbusha kulipia jina zikawa zinaingia kwenye simu ya marehemu, na namba ya siri ya kuifungua alikwenda nayo kaburini. Mama alipopata habari, jina lilikuwa tayari mnadani.

"Hiyo jina ni ya watoto wangu," akaniambia. "Mzee alichukua nusu ya jina ya Gathoni na nusu ya jina ya Kamau, akashikanisha. Sasa niambie, mami, ni nani mwingine anaitaka? Anaipeleka wapi?"

Nikamwambia mnada una wanunuzi wengi. Nikaweka nyota.

Jumatano akapiga tena. Wakati huo Namba Kumi na Tisa alikuwa ameshampita mara tano.

"Huyu Kumi na Tisa ni nani? Nipee namba yake ya simu. Sitaki kugombana na yeye, nataka tu tukae chini tuongee. Mtu akijua hii ni majina ya watoto wa mwenyewe, si atawacha?"

Nikamsomea sentensi tuliyobandikiwa ukutani, kwamba habari za wanunuzi ni siri.

"Haiya! Sasa hii ni mnada gani watu wamejificha?"

Alhamisi akaja mwenyewe. Ni mwanamke wa umri wa Mama, mfupi, na siku hiyo alikuwa na utepe wa kupimia nguo shingoni, inaonekana aliinuka tu kwenye mashine akaja. Aliniuliza kama mimi ndiye yule msichana wa simu, akaniambia nina sauti ya mtu aliyelelewa vizuri. Kisha akaweka mfuko mezani. Ndani kulikuwa na sweta ya rangi ya maruni, mpya, haina beji ya shule yoyote.

"Nimemfumia Namba Kumi na Tisa," akasema. "Sijui ni mtu wa mwili gani, nimekisia tu. Mpelekee. Mwambie sina ubaya na yeye, lakini aniachie jina."

Nikaipokea, Baba. Ningefanya nini? Nikasema asante kwa niaba yake.

Nilipofika nyumbani niliijaribu, sijui kwa nini. Mikono ilinizidi lakini kifuani ilinikaa sawasawa. Nikiwa nimesimama nayo hivyo, nikamkumbuka Robai.

Unaukumbuka mwaka ule nikiwa darasa la nne? Jirani yetu Robai, mwaka mmoja tangu afiwe na mume, alileta sadaka kuku wake wa pekee. Kuku alipoinuliwa moyo ukamrudia, akaanza kumnunua mwenyewe. Siku hiyo mnada ulikuwa umekunogea. Baba mdogo yuko nyuma anapandisha, watu wanacheka, wewe unauliza kama hayo mayai yatatagwa na mchungaji. Robai aliinua mkono mara nne. Mara ya tano mkono ukafika begani ukashuka. Alicheka pamoja na watu wote, lakini mimi nilikuwa nimekaa kando yake, na niliona alivyokuwa anaikunja leso yake ikawa ndogo kabisa. Kuku akawa wa Situma. Mchana huohuo, kabla hata hujavua koti la kanisa, ulinitia yule kuku mikononi ukaniambia, "Mpeleke kwa mwenyewe." Hukusema zaidi. Mimi nilidhani umempa Robai zawadi. Miaka yote hii, Baba, nilidhani ni zawadi.

Basi ungetegemea kwamba Ijumaa, mnada ulipokuwa unafungwa, nilikataa. Mnada ulikuwa unafungwa saa tisa. Mama Gathoni alikuwa amepanda kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona akipanda kwa ajili ya jina moja. Meneja akaja kusimama nyuma ya kiti changu. Nikamwambia tumwachie.

"Ako na nyota ama hana?" akauliza.

"Anayo."

"Nani aliiweka?"

"Ni mimi."

"Basi maliza kazi yako. Si hata kwenu kanisani ni hivi mnafanya?"

Nikabonyeza. Sikufichi. Baada ya sweta, na baada ya kumkumbuka Robai, bado nilibonyeza. Nilijiambia ataongeza mara moja tu, halafu nitamwacha ashinde. Hakuongeza. Tuliitazama saa ikipungua hadi ikaisha, na kule chini walikuwa wanakatakata nyama yetu ya Ijumaa. Sikuila.

Jumatatu Meneja aliniambia nimwandikie ile barua ya una bahati. Nikaandika Mpendwa, nikakwama hapo. Niliandika na kufuta neno hilo moja hadi watu wakatoka kwenda chakula. Walipotoka nikachapisha orodha nzima ya mnada ule, kila mara Namba Kumi na Tisa alipoongeza na dakika aliyoongeza, na pale juu jina la mfanyakazi aliyekabidhiwa namba hiyo, ambalo ni jina langu. Nikazikunja karatasi. Nikapita nyumbani nikaivaa sweta, nikaenda Thika.

Njiani nilikuwa nimepanga maneno mazuri sana. Nilipofika mlangoni yakapotea yote. Mama Gathoni aliinua macho kutoka kwenye mashine, akaniangalia usoni, akatabasamu kwa kunikumbuka, kisha akaiona sweta. Akazima mashine. Akaja, akanishika mabega, akanigeuza taratibu kama mtoto anayepimwa sare, akauvuta mkono wa sweta uliokuwa umenifika vidoleni.

"Nilifikiria ni mwanaume," akasema.

Nikazitoa zile karatasi.

"Na kwa simu ilikuwa ni wewe?"

"Ni mimi, Mama."

"Na nilikuja hapo ukaniona na macho?"

"Nilikuona."

"Ngai." Akaketi kwenye stuli. "Kwani nilikukosea nini?"

Nilitaka kumweleza habari ya kanisa letu na kuku na mabati, lakini kila neno lilipofika mdomoni lilikuwa linajitetea. Nikampa karatasi. Alizisoma moja moja, kidole kikifuata mstari, na kila alipofika kwenye Kumi na Tisa alisita. Usidhani alinisamehe, Baba. Chupa ya chai ilikuwa pale mezani na hakunimiminia, na unajua maana yake. Nilipoanza kuivua sweta ili nimrudishie, alinizuia.

"Wacha. Hiyo nilimfumia Namba Kumi na Tisa," akasema. "Vaa tu."

Akawasha mashine. Nimeivaa sasa hivi ninapoandika. Kuna baridi, na sina sweta nyingine nzito, lakini hiyo si sababu.

Binti yake, huyo Gathoni mwenyewe, alizipeleka karatasi kwenye ofisi inayosimamia mambo ya majina haya. Wamejibu kwamba jina lisiuzwe kwa mtu yeyote mpaka wasikie pande zote mbili. Nitaitwa. Sijui ni lini, ndiyo maana nairukia simu kila inapolia. Shule zinafungua hivi karibuni, na Mama Gathoni bado hana jina. Kazi imekwisha, hilo umeshalijua. Meneja alinipigia mara moja tu, kwa ile sauti yake ya upole, akasema nisisahau kwamba aliyebonyeza ni mimi, na kwamba yeye hakuna mahali jina lake limeandikwa. Ni kweli. Nimetafuta katika karatasi zote na halimo hata mara moja.

Pesa ya kifaa ninayo bado. Kodi ya nyumba itachukua sehemu, na inayobaki nitampelekea Mama Gathoni, apende asipende. Siku ile nikitoka kwake nilipita duka lenye vifaa vya masikio, nikasimama kwenye kioo. Ningeweza kukununulia siku hiyohiyo, na usingejua lolote. Nilikuona akilini ukikitia sikioni Jumapili ya mavuno, na watu wakikupigia makofi. Miguu ikakataa kuingia.

Na kwa kuwa nimeshasema mengi, acha niseme na hili, na usinikasirikie. Nina kinyongo nawe kidogo. Siku ile uliponitia kuku mikononi ungeniambia umekosa. Neno moja tu. Ulijua, ndiyo maana hukungoja hata kuvua koti. Lakini ulininyamazia, na mimi nikakua nikijua kupandisha bei bila kujua kwamba kuku hurudishwa kwa mwenyewe. Nilipomwambia Meneja habari zako zote kwa majivuno, hiyo ya kuku wa Robai sikumwambia, kwa sababu sikujua ni sehemu ya kazi.

Nisalimie Mama, umwambie kikohozi asikitibu kwa majani peke yake. Msalimie kaka yangu mkubwa na mkewe, na yule mtoto wao aliyeota meno. Msalimie dada yako, senge wangu, mwambie kitambaa alichoagiza kiko chini ya gambuti. Msalimie sana Robai, na kama bado anafuga, muulize kuku wake wanaendeleaje. Na baba mdogo Situma mwambie nampenda, lakini mwaka huu akae benchi la mbele.

Usiwaachie wazee mnada wako. Waambie ukweli, kwamba sikio limekufa na binti yako hakuleta dawa. Kisha uliambie kanisa kwamba anayemtaka kuku asipaze sauti, ainue mkono, na auache juu mpaka umtazame usoni. Macho yako ni mazima, na watu wale wote unawajua. Na ukiona mkono umefika begani ukashuka, Baba, usimtafute Situma. Shuka na kuku umpelekee mwenyewe, palepale, watu wote wakiona.

Ni mimi binti yako,
Nasimiyu